Sainasi kwa aliyepandikizwa figo: nimemeza klarithromaisini siku tatu, mikono inatetemeka

mama_nafaka, Nakuru. Jumanne, saa tano asubuhi

Hamjambo ndugu zangu. Naandika nikiwa dukani, na ninaomba mwenye ujuzi anijibu leo.

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza nafaka hapa Nakuru. Mwaka 2021 mdogo wangu wa kiume alinipa figo yake moja. Tangu hapo nameza dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae: takrolimusi saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, mikofenolati, na prednisoloni miligramu 5. Sijaruka dozi hata moja. Siku tuliyomzika mama kule Butere, kengele ya simu ililia mhubiri akiwa katikati ya maombi. Nikajitenga nyuma ya migomba, nikameza kwa maji ya chupa, nikarudi kuketi. Nasema hivi mjue kwamba dawa zangu sizichezei.

Shida ilianza wiki mbili zilizopita. Wenyeji wa Nakuru mnaijua Januari yetu, upepo ni ule wa kupenya hata dirisha lililofungwa. Juu ya hilo nikapokea mahindi kutoka Kitale, na magunia manne ya chini yalikuwa yamelowa njiani. Kijana wangu wa kazi hakuja, nikachekecha mwenyewe bila kufunga kitu puani. Vumbi lile lilikuwa na harufu ya uvundo. Baada ya siku mbili pua ikaziba. Nikasema ni homa tu. Siku ya sita nikapata nafuu, hata nikalala usingizi mzuri, kisha siku ya nane mambo yakarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Kamasi nzito, rangi ya ndengu zilizopondwa, upande wa kushoto tu. Nikiinama kufunga gunia, chini ya jicho panajaa kama pamewekwa jiwe, na meno matatu ya juu yanauma kwa pamoja. Joto la mwili nimepima mara nyingi: 36.9, 37.1. Halipandi.

Jumamosi jioni niliingia duka moja la dawa karibu na stendi. Nikasema, "Nina sainasi." Aliyekuwepo hakuniuliza ninameza dawa gani nyingine, nami sikusema. Watu walikuwa wamejaa nyuma yangu, na kusema kweli nimechoka kuyaeleza mambo ya figo mbele ya wageni. Akanipa dawa ya bakteria, klarithromaisini ya miligramu 500, asubuhi na jioni kwa siku saba, Diclofenac ya maumivu, na vidonge vya kufungua pua. Mpaka leo asubuhi nimemeza klarithromaisini sita.

Leo nimefungua duka, nikachukua shazia nishone mdomo wa gunia la maharagwe. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa. Nimeshindwa kutia uzi kwenye tundu la shazia. Tundu lile hata mtoto wa chekechea angelipata, lakini mkono wangu wa kulia unacheza, uzi unapita juu, unapita chini. Nikaushikilia mkono kwa mkono mwingine, nao wa kushoto pia unatetemeka. Kichwa kinagonga. Nimeenda kwa jirani mwenye mashine ya kupima presha ikasoma 158 kwa 96. Yangu ya kawaida ni 128 kwa 80.

Je, huu ni ugonjwa wa sainasi umepanda kichwani, au ni dawa? Kliniki yangu iko Eldoret, siku yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo, naweza kungoja? Na jirani yangu, mtu anayenipenda, ananishauri niziache dawa za kinga kwa siku nne tano ili mwili upate nguvu ya kupigana na haya makamasi. Nishike lipi?


mfamasia_wa_ziwani, Kisumu. Jumanne, saa tano na dakika arobaini

Mama, pole sana. Mimi ni mfamasia, na nitaanza na lisiloweza kungoja.

Usimeze klarithromaisini ya jioni kabla hujaongea na kliniki yako. Diclofenac na vile vidonge vya pua viache sasa hivi. Takrolimusi usiiguse kwa uamuzi wako wala wa jirani. Simu ya kliniki iko kwenye kadi yako. Ipige ukimaliza kusoma hapa, useme: "Nimepandikizwa figo, nimemeza klarithromaisini vidonge sita, mikono inatetemeka." Watakuelewa papo hapo. Alhamisi ya wiki ijayo ni mbali mno.

Sasa sababu. Takrolimusi huvunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4. Klarithromaisini hukizuia kimeng'enya hicho kufanya kazi. Wewe ni mtu wa ghala, kwa hiyo nitasema hivi: lori linaleta magunia asubuhi na usiku kama kawaida, lakini mlango wa kutolea mzigo umefungwa. Dawa ya jana haijatoka, ya leo inaingia. Takrolimusi ikizidi kwenye damu, mikono hutetemeka, kichwa huuma, presha hupanda, potasiamu hupanda, na mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo hubanwa. Diclofenac na Brufen hubana mishipa hiyo hiyo kwa njia nyingine. Vidonge vya kufungua pua navyo huongeza presha. Umepewa vitu vitatu ambavyo kila kimoja kinaisukuma figo yako upande ule ule mbaya. Kwa hiyo mikono yako, kwa jinsi ulivyoeleza, nashuku dawa kabla ya sainasi, ila kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Damu hiyo hutolewa kabla tu ya dozi inayofuata, si baada yake. Ukimeza kwanza, kipimo kitadanganya.

Erithromaisini ni ndugu wa klarithromaisini, madhara ni hayo hayo. Azithromaisini huingiliana kidogo sana, lakini hata hiyo kliniki iambiwe. Dawa za fangasi kama flukonazoli pia hupandisha takrolimusi. Tunda la balungi hupandisha. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume, huishusha mpaka mwili ukaanza kuikataa figo.

Jirani yako anakutakia mema, lakini ushauri wake unaweza kukugharimu figo. Kinga ikiamka inaanza na kile kilicho kigeni kwake, yaani figo ya mdogo wako. Prednisoloni nayo, kwa mtu aliyeimeza kwa miaka, haiachwi ghafla: tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini zimezoea kulala, na ukiikata bila mpango unaweza kuanguka presha ikiwa chini kabisa. Wakati mwingine daktari hupunguza moja ya dawa mgonjwa akiwa na maambukizi makali. Hilo hulifanya yeye, akiwa na majibu ya damu mkononi.

Kuhusu sainasi yenyewe, umetuambia kitu muhimu bila kujua. Sainasi nyingi huletwa na virusi na hupoa zenyewe ndani ya siku kumi, hazihitaji dawa ya bakteria. Iliyopata nafuu kisha ikarudi kwa nguvu, upande mmoja, na meno ya juu yakauma, hiyo hunifanya niwaze bakteria, na pia jino la juu lililooza mzizi, maana mizizi ya magego hukaa chini kabisa ya tundu lile la hewa la shavuni. Kwa mtu wa kinga ya kawaida tungeweza kungoja. Kwako hatungoji. Wala usifarijiwe na 36.9. Prednisoloni huificha homa.

Nakuuliza, na unijibu kwa uangalifu: je, unaona vitu viwili viwili? Jicho limevimba? Shavu lina ganzi? Simama mbele ya kioo na tochi, fungua mdomo, tazama kaakaa. Kuna doa jeusi? Ndani ya pua kuna gamba jeusi? Moja tu kati ya hayo likiwepo, hata simu acha, ingia idara ya dharura iliyo karibu.


mama_nafaka. Jumanne, saa sita na robo

Nimetazama kwa tochi, binti yangu ametazama pia. Kaakaa ni jekundu la kawaida, hakuna jeusi. Sioni viwili viwili. Shavu linauma lakini nikiligusa nalihisi. Kliniki wamesema nije leo leo, nisinywe kitu chochote kati ya vile vitatu, na takrolimusi ya usiku nije nayo mkononi, nisiimeze mpaka watoe damu. Nafunga duka. Kuna matatu inaondoka saa saba.


mwalimu_shinyalu. Jumanne, saa nane mchana

Safari njema dada yangu. Mimi sina figo ya kupandikizwa, nina ugonjwa wa viungo na nameza methotreksati mara moja kwa juma, kila Jumapili jioni. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa viungo wanaosoma hapa.

Mwaka juzi pua iliniziba hivi hivi. Nikapewa Septrin, dawa ambayo sisi sote tumeikuta nyumbani tangu utotoni. Siku ya saba mdomo ulijaa vidonda mpaka nikashindwa kunywa hata chai ya rangi. Nikaenda kupimwa, chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka vibaya. Daktari akaniambia Septrin na methotreksati zote mbili zinagombana na foliki, ile vitamini ambayo uboho unaitumia kutengeneza damu, na Septrin pia huizuia methotreksati kutoka kupitia figo. Nililazwa siku tisa. Tangu hapo nina karatasi ndani ya kitambulisho changu, nimeandika majina ya dawa zangu kwa herufi kubwa. Siongei, naitoa tu dirishani. Mama Nafaka, kwa hiyo hali ya kuchoka kujieleza mbele ya watu, jaribu karatasi.

Na hapa kwetu Magharibi kuna mtindo wa kusafisha pua kwa maji ya munyu, ule tunaotia kwenye mrenda. Tafadhali msifanye. Ni maji ya majivu, yanachoma ngozi ya ndani ya pua.


binti_wa_nyalenda, Kisumu. Jumanne, saa mbili usiku

Mfamasia ametaja doa jeusi. Nataka niseme lilivyo, kwa sababu sisi tuliliona tukalipita.

Baba yangu ana kisukari, na alikuwa akimeza prednisoloni nyingi kwa ajili ya ugonjwa wa ngozi. Sukari ikapanda, maana prednisoloni huipandisha. Akaanza kulalamika pua. Siku ya tatu akasema shavu lake limekufa, kama lile shavu la mtu aliyetoka kung'olewa jino. Tukamkanda kwa maji moto. Siku ya tano nilikuwa nikimlisha samaki, nikaona kwenye kaakaa kitu kama kipande cha mkaa kimenata. Nikadhani ni ngozi ya samaki iliyoungua. Nikajaribu kuitoa kwa kitambaa na haikutoka, na yeye hakusikia maumivu yoyote.

Ilikuwa fangasi aina ya mukori, inayokula mishipa ya damu na kuacha nyama ikiwa imekufa. Haiuawi na dawa za fangasi za kawaida. Alifanyiwa upasuaji usiku ule ule, wakaondoa sehemu ya kaakaa na ukuta wa shavu kwa ndani, kisha akawekewa amfoterisini, dawa kali ya fangasi, kwenye mshipa kwa majuma kadhaa. Baba yuko hai, namshukuru Mungu. Ana kifuniko cha plastiki anachokivaa kinywani. Asipokivaa, uji unatokea puani.

Daktari wake alituambia siku mbili zingekuwa na maana kubwa. Ndiyo maana nimeandika. Shavu lenye ganzi kwa mtu wa dawa hizi msilikande kwa maji moto.


mama_nafaka, Eldoret. Jumapili, saa kumi jioni

Ndugu zangu, nimerudi kuwapa majibu. Bado nimelazwa, nadhani natoka kesho.

Nilifika Jumanne jioni nikitetemeka kwa baridi ya Timboroa na kwa dawa. Damu ilitolewa saa mbili kasorobo usiku. Kiwango changu cha takrolimusi, ambacho kwa kawaida huwa 6 au 7, kilikuwa 21. Kreatinini, ile taka ambayo figo huisafisha kwenye damu, ilikuwa 168, na mwezi wa kumi na moja ilikuwa 104. Potasiamu nayo ilikuwa juu kidogo. Daktari wa figo akaandika: klarithromaisini ife, takrolimusi nisimeze Jumanne usiku wala Jumatano, kisha wapime tena. Nililia usiku ule. Nilimfikiria mdogo wangu na kovu lake ubavuni. Ijumaa kiwango kilikuwa 9, kreatinini 131. Leo asubuhi nimejaribu kutia uzi kwenye sindano ya muuguzi ya kushonea vifungo, nikapata mara ya pili.

Sainasi ilishughulikiwa kando. Daktari wa masikio, pua na koo aliingiza kamera nyembamba kama bua la ngano. Niliona kwenye skrini usaha ukishuka kutoka kwenye kijitundu, taratibu, kama asali. Akauchukua kwa pamba akaupeleka maabara watafute bakteria na fangasi, zote mbili. Skani ya CT, bila ile dawa ya kudunga mshipani kwa sababu ya figo, ilionyesha tundu la shavu la kushoto limejaa, lakini mfupa ni mzima, haujaliwa. Fangasi hawakuonekana. Jino lilitazamwa, liko salama. Nimewekwa kwenye Augmentin, dawa ya bakteria, kwa kipimo walichokikadiria kulingana na figo, na ya maumivu ni Panadol tu. Pia dawa ya kupuliza puani, na kuosha pua kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku. Nilipoosha mara ya kwanza kilitoka kibonge cha kijani ukubwa wa punje ya mahindi, na hapo hapo nikasikia harufu ya chai ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Sikuwa nimesikia harufu yoyote kwa siku kumi na sita.

Mfamasia, nina maswali mawili. Nikifika nyumbani nitayatengenezaje hayo maji? Na dukani nitarudije? Kazi yangu ni vumbi.


mfamasia_wa_ziwani. Jumapili, saa kumi na mbili jioni

Mama, nimefurahi sana kusoma hii.

Maji yachemke kabisa. Nakuru dakika moja ya kutokota inatosha, lakini ukienda Molo au ukibaki Eldoret, juu ya mita 2,000, acha dakika tatu. Yafunike yapoe mpaka vuguvugu. Ya bomba, ya tangi au ya ziwa hayaingii puani yakiwa mabichi, kwa sababu kuna amiba wa maji matamu anayepita puani kwenda kwenye ubongo. Kikombe cha mililita 240, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na chembe ya bekingi soda. Magadi ya kuchemshia maharagwe usitie. Chumvi yetu ya dukani ina madini joto na huenda ikawasha kidogo. Ikikusumbua, nunua chupa ya maji ya chumvi ya hospitali kwenye duka la dawa. Chombo cha kuoshea kioshwe na kukauka kila mara.

Dukani, magunia yenye uvundo usiyafungue wewe, na usiwe chumba kimoja na anayechekecha. Barakoa ya kitambaa haizuii mbegu za fangasi, tafuta ya N95 inayobana uso. Kuchekecha kwenyewe mwachie kijana moja kwa moja, naye umnunulie barakoa.

Kuna jambo sipendi lisahaulike. Klarithromaisini inapotoka mwilini, kimeng'enya kinarudi kazini, na takrolimusi huendelea kushuka. Kama dozi uliyorudishiwa ni ndogo kuliko ya zamani, baada ya siku chache unaweza kuwa chini ya kiwango, na hapo hatari ni kukataliwa kwa figo. Augmentin nayo yaweza kupunguza mikofenolati iliyopo kwenye damu kwa muda. Ni dawa sahihi, endelea nayo, lakini waulize tarehe ya kupima tena kabla hawajakuruhusu.


mama_nafaka. Jumapili, saa moja usiku

Nimeuliza. Dozi niliyopewa ni ndogo, ulivyohisi ndivyo. Napimwa kesho asubuhi kabla ya kutoka, na tena Alhamisi, ile Alhamisi yangu ya kliniki. Nitalala kwa shangazi hapa Eldoret mpaka siku hiyo nisihangaike na matatu. Karatasi nimeshaiandika, binti yangu ameipiga picha, na kijana wa dukani nimemwambia yale magunia manne ayatoe nje.